Hotuba ya Kumshukuru Fundi, Mchezaji Wetu wa Miaka Mingi

(Hotuba hii ilitolewa na katibu wa klabu ya kriketi jijini Nakuru, katika chakula cha jioni cha kufunga msimu. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wanachama waliokuwa safarini.)

Bwana Mwenyekiti, wazee walezi wa klabu, wageni wetu mliotoka Kisumu alfajiri mkapitia Kericho na Mau Summit ili muwe nasi jioni hii, akina mama na akina baba mliotuvumilia kila tuliporudi nyumbani na nguo nyeupe zilizogeuka rangi ya udongo, wachezaji wenzangu, na nyinyi vijana mliochagua kuketi karibu na mlango wa jikoni kwa sababu mnazozijua wenyewe: hamjambo?

Nimeombwa nimzungumzie mtu mmoja. Ameketi meza ya tatu kutoka dirishani, ameinamisha kichwa, na kama ninavyomfahamu anatafuta njia ya kuponyoka kabla sijafika mbali. Keti, Fundi, mlango wa nyuma tumeufunga. Jina lake la kitambulisho limo katika daftari la wanachama, lakini hakuna mtu humu anayelitumia, hata watoto wake huja uwanjani wakiuliza, “Fundi yuko wapi?” Kwa hiyo nami nitamwita Fundi.

Nianze na jambo ambalo wasemaji wa hafla za namna hii hulikwepa. Fundi si mchezaji hodari. Naona mnacheka, na yeye anacheka kuliko nyinyi. Katika miaka yote aliyoichezea klabu hii hajawahi kufikisha mikimbio 50, yaani alama 50, katika zamu moja ya kupiga. Hushika gongo nafasi ya tisa, na tukipata wageni wenye kujua mchezo humshusha hadi ya kumi. Hurusha mpira wa polepole baada ya hatua tatu fupi, na mpira wenyewe hukaa hewani muda mrefu kiasi kwamba mpigaji mwenye pupa hubadili nia mara mbili kabla haujamfikia, na wengi wao hunaswa katika kule kubadili nia. Mgeni akikifungua kitabu chetu cha alama, atalikuta jina la Fundi chini ya ukurasa, msimu baada ya msimu, na tarakimu ndogo mbele yake.

Basi nawauliza, ndugu zangu: kwa nini ukumbi umejaa? Tumekuwa na wapigaji waliofunga mamia ya mikimbio kwa msimu mmoja, wakahamia Nairobi au ng’ambo, nasi tukawaaga kwa soda na kupeana mikono. Tumekuwa na warushaji wa kasi ambao wapinzani waliwaogopa kweli kweli. Hao hatukuwafanyia hafla. Kwa nini tumemfanyia Fundi? Kitabu cha alama kina safu ya mikimbio, safu ya ova, yaani mafungu ya mipira sita sita, na safu ya wiketi, yaani wapigaji waliotolewa. Mambo ninayotaka kuyasema hayakuwekewa safu.

Niwakumbushe kidogo tulikotoka. Kriketi ya miji yetu hii ilipita njia moja na reli. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, ikafika ufuo wa ziwa kule Kisumu mwaka 1901, na nyuma yake wakaja makarani, wenye maduka, mafundi na maafisa wa serikali ya kikoloni, nao wakaja na magongo yao. Klabu za wakati ule ziligawanyika kwa jamii: Wazungu kwao, Masingasinga kwao, Waismailia kwao, Wagoa kwao, na Mwafrika aliyeonekana uwanjani alikuwa ameshika fagio au ndoo. Baada ya uhuru milango ilifunguka pole pole, na baadhi ya vijana walioujua mchezo kwa kuuchungulia kupitia ua wa klabu hizo ndio waliokuja kuibeba Kenya.

Fundi ni wa njia hiyo hiyo. Alipokuwa kijana alikuwa mwanagenzi kwa fundi cherehani mmoja Mhindi, mzee aliyeipenda kriketi kuliko biashara yake, na kila Jumapili alimchukua kijana wake kwenda kuokota mipira iliyoangukia vichakani. Jumapili moja wachezaji walikuwa kumi. Wakamngoja wa kumi na moja, wakamngoja, hakuja. Mzee akamwita mwokota mipira, akamvalisha viatu vilivyompwaya, akamwambia asimame mbali, mpira ukija auzuie kwa mwili kama mikono itashindwa. Mikono ilishindwa, mwili haukushindwa. Wiki iliyofuata akaja tena. Bwana Mwenyekiti, hajaacha kuja hadi leo.

Hilo ndilo jambo la kwanza ninalotaka tulitazame kwa makini: kuja. Linasikika dogo. Ni nani asiyeweza kuja? Lakini mimi ndiye ninayepiga simu siku ya Ijumaa, nami nawaambia kwamba kupata watu kumi na mmoja wa kucheza kwa ridhaa, bila malipo, siku nzima, ni kazi inayoweza kumzeesha mtu. Huyu ana harusi. Yule ana mahindi ya kuvunwa Njoro. Mwingine simu imezima, na hatuambiwi imezimwa na nani. Fundi simpigii. Sijawahi kumpigia. Nikifika uwanjani saa mbili asubuhi namkuta amekwisha kufika.

Na anafanya nini saa mbili asubuhi, wakati mechi ni saa nne? Vijana, wengi wenu hamjawahi kuona kazi hii kwa sababu mnapofika huwa imekwisha. Uwanja wetu hauna nyasi za kuchezea katikati, tunatumia mkeka wa makumbi ya nazi. Ni mkeka wa urefu wa mita ishirini hivi, mzito, na ukinyeshewa huwa mzito maradufu. Fundi huufungua kutoka upande wa barabara, akausukuma kwa magoti. Kisha huanza kuuvuta kutoka pembe moja hadi nyingine na kuukaza kwa misumari mirefu, msumari mmoja upande huu, mmoja upande ule, kwa zamu, kamwe haukazi upande mmoja wote kwanza. Akimaliza huvua viatu, akautembea wote kwa soksi, polepole, akitafuta kwa nyayo mahali palipobaki mkunjo. Nilipomuuliza sababu ya soksi, aliniambia kwamba jicho hudanganywa na kivuli cha asubuhi, unyayo haudanganywi. Mkunjo mmoja usioonekana humfanya mpira uruke ghafla kuelekea usoni mwa mpigaji. Tumecheza miaka mingi katika uwanja ule, dhidi ya warushaji wenye kasi ya kutisha, na hatujawahi kumpeleka mtu hospitali kwa sababu ya mkeka. Hayo hayaandikwi popote. Nani huandika habari ya meno yaliyobaki kinywani?

Jambo la pili ni la umri, na hapa nitasema waziwazi, kwa maana najua yanayonong’onwa. Wapo wanaosema Fundi amezeeka, apishe vijana, apewe kiti kivulini na cheo cha heshima. Wanasema kwa nia njema. Mimi nasema wanakosea.

Mnaikumbuka Kombe la Dunia la mwaka 2003? Kenya ilifika nusu fainali. Wengi hukumbuka ushindi dhidi ya Sri Lanka hapa nyumbani, Nairobi, tarehe 24 Februari, siku Collins Obuya alipochukua wiketi tano kwa mikimbio 24. Ni haki yao kuukumbuka. Mimi hukumbuka siku tuliyoshindwa. Tarehe 15 Machi, mjini Durban, Kenya ilikutana na Australia, mabingwa wa dunia, timu ambayo hakuna aliyeiweza wakati ule. Tulikuwa tumepata mikimbio 174 tu, na Australia walianza kuifuata kama watu wenye basi la kuwahi. Ndipo mpira ukapewa Aasif Karim. Alikuwa na umri wa miaka 39. Alikuwa amekwisha kustaafu, mtu wa shughuli za bima, akarudishwa kikosini kwa ajili ya mashindano yale. Alirusha mipira 50. Katika mipira hiyo 50 aliwapa Australia mikimbio saba tu, akawatoa wapigaji watatu, na mmoja wao alikuwa nahodha wao Ricky Ponting. Australia walishinda mechi, naam, lakini tuzo ya mchezaji bora wa siku hiyo alipewa mzee wetu wa miaka 39, anayerusha polepole.

Simwiti Fundi Aasif Karim. Fundi, usiinue kichwa hivyo. Ninachosema ni kwamba mchezo huu una nafasi ya subira na ya kichwa kilichotulia. Tena Kenya ilikuwa imekwisha kuuonyesha ulimwengu jambo hilo mwaka 1996 kule Pune, India, ilipowafunga West Indies kwa mikimbio 73. Sisi tulikuwa na 166, wao wakaishia 93. Ile timu ya nahodha Maurice Odumbe haikuwa ya wanamichezo wa kulipwa mamilioni. Ilikuwa ya watu wa klabu, watu waliokuwa na kazi nyingine siku za wiki, na Brian Lara, aliyekuwa miongoni mwa wapigaji wakubwa kabisa duniani, alidakwa na mlinda wiketi wetu, yule anayesimama nyuma ya mpigaji, Tariq Iqbal, mtu mnene kidogo aliyevaa miwani, ambaye ukikutana naye barabarani usingemdhania.

Mwaka 2014 tukapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Sababu ni nyingi, na magomvi ya viongozi yamezungumzwa vya kutosha, sitaki kuwaharibia chakula. Lakini nawauliza: fedha zilipokauka na televisheni ilipogeuza macho, ni nani aliyebaki akitandika mkeka katika miji kama huu wetu? Nyota hawakuwapo kuutandika, na si lawama kwao, nyota hawakuumbwa kwa kazi hiyo. Waliobaki ni akina Fundi, watu waliokuwa wakicheza kabla ya televisheni kuja na ambao kuondoka kwake hakukuwapunguzia kitu.

Sasa nifike mahali ambapo Bwana Mwenyekiti ameniomba nisifike.

Wageni mlio wapya katika mchezo wetu, fahamuni kwamba katika mechi zetu za kirafiki hatuna waamuzi wa kukodi. Timu inayopiga hutoa watu wake wawili kusimama kama waamuzi. Fikirini maana yake. Mwamuzi anayeamua kama mwenzako ametoka au hajatoka ni mtu mliyepanda naye matatu moja asubuhi, na mtakayerudi naye jioni. Uaminifu wa mchezo mzima umewekwa juu ya kidole cha shahada cha mtu mmoja mwenye kila sababu ya kutokiinua.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa Kisumu. Joto mnalijua. Ilikuwa ova ya mwisho, tumebakiwa na wiketi moja, tunahitaji mikimbio minne. Aliyekuwa akipiga alikuwa nahodha wetu wa siku hizo, ambaye leo ndiye Mwenyekiti wetu. Naam, muangalieni vizuri. Mwamuzi alikuwa Fundi, aliyekwisha kutolewa mapema kama kawaida yake. Mpira ukaja, ukadunda, ukampiga nahodha kwenye pedi, ile kinga ya mguu, mguu ukiwa mbele ya vigingi vitatu anavyovilinda mpigaji; na mguu ukizuia mpira uliokuwa ukivielekea, mpigaji ametoka. Kisumu wote wakaruka wakipaza rufaa, mrushaji amepiga goti, mlinda wiketi ameinua mikono, mpaka watazamaji waliokuwa wakila samaki chini ya mwembe wakasimama. Nasi huku kando tukatulia kabisa, kwa sababu tulikuwa na mwamuzi wetu. Fundi alivitazama vigingi. Akautazama mguu. Akainua kidole.

Tukashindwa kwa mikimbio mitatu. Safari ya kurudi, hakuna aliyesema neno. Ahero kimya. Awasi kimya. Tulipofika Kericho tukasimama kunywa chai, na baridi ya pale ikamlegeza nahodha ulimi, akasema, “Fundi, ule mpira ulikuwa unapita nje ya vigingi.” Fundi akapuliza chai yake, akanywa kidogo, akajibu, “Kapteni, ungekuwa unapita nje, ungepita. Ulizuiwa na mguu wako.” Watu walicheka mpaka mwenye hoteli akatoka jikoni kuuliza kuna nini, na wa kwanza kucheka, nitoe ushahidi huo kwa haki, alikuwa nahodha mwenyewe.

Msimu uliofuata ndugu zetu wa Kisumu walituma ujumbe kabla ya mechi. Waliuliza kama Fundi anakuja. Tukadhani wanataka kumkwepa. Walisema kwamba kama anakuja, wangependa asimame mwamuzi zamu zote mbili, yetu na yao. Wapo hapa, waulizeni. Je, ni klabu gani nyingine ambayo wapinzani wake huomba wahukumiwe na mtu wa upande wa pili? Tangu siku ile hatujawahi kuwa na ugomvi wa uamuzi na Kisumu, na mechi mbili za kila mwaka zimedumu wakati mechi na klabu nyingine zilivunjika kwa kelele za mambo madogo. Nathubutu kusema kwamba wiketi ile moja ndiyo iliyotuwekea urafiki huu.

Nina jambo moja zaidi kabla sijaja kwenye ombi langu. Vifaa vya kriketi havitengenezwi hapa kwetu. Gongo zuri hutokana na mti wa wilo, ambao haumei Menengai wala Mau, na magongo, pedi na glavu hutoka mbali, miji kama Meerut na Jalandhar kule India, au Sialkot kule Pakistan. Kwa hiyo bei yake ni ya kuvunja moyo, na mtoto wa Kaptembwo au Bondeni anayetaka kujaribu mchezo hukuta kizuizi kabla hajarushiwa mpira hata mmoja. Cherehani ya Fundi iko barazani pale mjini, na chini ya meza yake, kando ya sare za shule zinazongoja vifungo, kuna gunia la vifaa vya klabu ambalo halijawahi kwisha. Pedi za watu wazima huzikata na kuzipunguza ziwe za watoto. Mikanda iliyokatika huibadilisha.

Kulikuwa na msichana mmoja aliyekuja kwetu akiwa darasa la saba, anapiga kwa mkono wa kushoto. Glavu zetu zote zilikuwa za watu wa mkono wa kulia, na msiojua mtadhani glavu ni glavu tu. Sivyo. Mkono wa chini kwenye gongo ndio ambao kidole gumba chake humkabili mrushaji, na kidole hicho ndicho huwekewa kinga ngumu. Mpigaji wa kushoto akivaa glavu za kulia, kidole chake kilicho hatarini hakina kinga ya kutosha. Fundi alimwona akishtuka kila mpira ulipomjia, sisi wengine tukidhani ni woga. Hakusema kitu. Alizichukua zile glavu, usiku akafumua kinga ya gumba la kulia uzi mmoja mmoja, akaihamishia gumba la kushoto, akaishona kwa shazia na uzi wa viatu alioupaka nta ya mshumaa. Jumapili iliyofuata msichana akazivaa, na mshtuko ukaisha. Malipo aliyotaka Fundi yalikuwa kwamba ajifunze kuandika kitabu cha alama bila kufuta. Leo msichana huyo ndiye anayefungua zamu ya timu yetu ya wasichana, na tarakimu zake ni safi kuliko za katibu wenu.

Sasa ombi. Kamati ilikuwa na wazo la kumpa Fundi ngao ya kutundika ukutani na uanachama wa maisha. Uanachama atapewa, umekwisha kupitishwa. Ngao nimeipinga, na wanakamati wanajua tulivyobishana. Nimefikiri sana ni kitu gani mtu huyu hajawahi kupewa na klabu hii, nikaona kwamba hajawahi kupewa Jumapili ya kucheza tu. Hajawahi kufika uwanjani saa nne kama wengi wenu, akakuta mkeka umetandikwa, vigingi vimesimama, maji yapo, chai na sambusa zimekwisha kuagizwa, na kazi yake ikawa kuvaa pedi na kungoja nafasi ya tisa. Tumemsifu miaka yote huku tukimwachia mzigo. Hata hivi sasa, jamani, funguo za stoo ziko mfukoni mwake.

Kwenye meza ya mlangoni kuna karatasi. Imegawanywa kwa kazi: mkeka na misumari, watu wanne. Rola ya kusawazisha uwanja, watu watatu, wenye migongo mizima. Kitabu cha alama, wawili. Gunia la vifaa, mmoja, na fundi viatu wa pale sokoni amekubali kushona mikanda kwa bei ya urafiki, klabu italipa. Waamuzi, wawili wa kujifunza, na hapo Fundi mwenyewe atafundisha kwa sababu hilo hatuwezi kumnyang’anya. Karatasi ni tupu. Hakuna atakayegawiwa chakula kabla hajaipitia, na nyinyi wa karibu na jikoni nimewaona, ninyi mtaanza.

Mechi ya kwanza ya msimu ujao ni dhidi ya hawa hawa ndugu zetu wa Kisumu, hapa nyumbani. Wa mkeka wafike saa mbili kamili, na waje na soksi. Fundi, wewe ukionekana uwanjani kabla ya saa nne utatozwa faini, Mwenyekiti ametia sahihi. Sasa njoo hapa mbele, utukabidhi funguo.